Bega Linalouma kwa Sababu ya Neva: Jinsi ya Kufikia Chanzo Kabla Pesa Hazijaisha

Maumivu ya bega yakipita wiki sita, na dawa za kupaka, sindano za duka la dawa na kukandwa vyote vimeshindwa, acha kutafuta dawa kali zaidi. Tafuta kwanza yanakotoka. Bega huuma kwa sababu ya kiungo chenyewe, au neva iliyobanwa shingoni, au neva iliyoumia kati ya shingo na kwapa, au kitu kilicho mbali kabisa na bega. Tiba ya hiki haisaidii kile, na picha ya hapa haioni pale. MRI ya bega haionyeshi shingo. Pesa nyingi hupotelea hapo: mtu anauza mbuzi wawili, anasafiri hadi Kisumu, analipia picha safi ya mahali pasipo na shida, anarudi na ripoti iliyoandikwa "kawaida" na mkono ukiwaka moto vilevile.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: hatari kwanza, kisha maelezo yako, kisha mikono ya daktari, na mashine mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Dalili zifuatazo hazingoji miadi. Nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo:

- Bega au mkono kuuma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi. Huenda ni moyo, hata kama umri wako bado mdogo.
- Vidole vya mikono yote miwili vimekuwa vizito, vifungo vya shati vinakushinda, miguu inayumba, au mkojo umeanza kukataa kutoka au kujitokea. Hapo huenda kinachobanwa si neva moja bali mshipa mkuu wa fahamu ndani ya uti wa shingo.
- Homa, jasho la usiku, kukonda, au maumivu ya shingo yasiyopoa hata ukilala. TB ya pingili bado ipo huku kwetu, na maambukizi mengine ya mfupa pia.
- Bega kuuma huku kope la upande huohuo limeshuka na mboni imekuwa ndogo, hasa kwa mvutaji wa sigara. Uvimbe wa ncha ya juu ya pafu hukaa karibu na neva za mkono na kuzibana.
- Mkono uliolegea baada ya ajali ya bodaboda. Neva zilizong'oka au kukatika zina muda wake: upasuaji wa kuziunga hufaa zaidi ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Ukiambiwa "ngoja mwaka mmoja, itajirudia yenyewe" bila kuonwa na mtaalamu wa neva hizo, tafuta mwingine.
- Nguvu za mkono zinazopungua wiki hadi wiki, hata kama maumivu yamepoa. Kupoa kwa maumivu huku mkono ukilegea si nafuu.

Moja zaidi, ambayo si ya kufa lakini ina saa zake: mkanda wa jeshi. Ngozi ya bega au mkono wa upande mmoja huwaka siku kadhaa kabla malengelenge hayajatokea, na wakati huo hakuna wa kuutambua. Malengelenge yakitoka, dawa ya virusi hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72. Ukichelewa, maumivu ya neva yanaweza kubaki miezi mingi baada ya ngozi kupona.

Hatua ya 2: Chora mkono wako

Nunua daftari la shule. Chora mwili wa mbele na wa nyuma. Hata mchoro wa mtoto unatosha. Tumia kalamu mbili: nyekundu pale panapouma, bluu pale palipokufa ganzi au panapochomachoma. Chora hadi vidoleni. Vidole ndivyo vinavyosema mengi kuliko bega lenyewe.

Sababu ni hii. Neva za mkono hutoka shingoni kwa mizizi mitano, inayoitwa C5, C6, C7, C8 na T1, na kila mzizi una eneo lake la ngozi na misuli yake:

C5: maumivu huishia nje ya mkono wa juu, pale sindano ya chanjo inapodungwa. Kuinua mkono pembeni kunakuwa kuzito.

C6: huteremka upande wa kidole gumba na kidole cha shahada. Kukunja kiwiko na kuinua kiganja juu kunalegea.

C7: huingia kidole cha kati. Kunyoosha kiwiko, kama mtu anayesukuma mlango au mkokoteni, kunakosa nguvu.

C8 na T1: huelekea kidole cha pete na cha mwisho, na upande wa ndani wa mkono. Kushika kunalegea, ufunguo hauzunguki vizuri mlangoni.

Bega lenyewe likiwa na shida, maumivu kwa kawaida hukaa juu ya bega na nje ya mkono wa juu, nayo ni nadra kuvuka kiwiko wala kuleta ganzi vidoleni. Ndiyo maana C5 huwachanganya hata madaktari: huumia mahali palepale kano za bega zinapoumia.

Andika kila siku kwa wiki mbili. Mistari mitatu inatosha, mradi iwe na saa, mahali, kipimo cha 0 hadi 10, na kilichoongeza au kupunguza. Ukurasa wenye faida husomeka hivi:

"Jumanne, saa kumi alfajiri. Nimeamshwa na moto kutoka nyuma ya bega hadi kidole gumba, 7. Nimeweka mkono juu ya kichwa, ukashuka 3. Asubuhi nimebeba mtungi kichwani kutoka kisimani, ganzi imerudi. Nikiangalia juu kuangua parachichi, shoti."

Daktari akisoma mistari hiyo, nusu ya kazi imeisha. Linganisha na "bega linauma sana, mishipa imevutana", maneno ambayo humpa nafasi ya kuandika dawa ya maumivu tu na kumwita mgonjwa anayefuata.

Hatua ya 3: Majaribio manne ya nyumbani

Haya hayatoi jibu la mwisho. Yanakusaidia kujua uanzie wapi. Usifanye lolote kati ya haya ikiwa umetoka kwenye ajali au una dalili yoyote ya hatua ya 1.

Jaribio la kwanza, mkono juu ya kichwa. Weka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi, ukae dakika moja au mbili. Maumivu yakipungua wazi, shingo ndiyo inashukiwa, kwa sababu mkao huo hulegeza mzizi uliovutwa. Kano za bega zikiwa na shida, mkao huo mara nyingi huongeza maumivu.

La pili, geuza shingo. Kaa, geuza uso polepole kulia, kisha kushoto, kisha angalia juu. Maumivu yakishuka mkononi bila hata kusogeza bega, andika. Usimwache mtu akukandamize kichwa nyumbani. Hicho ni kipimo cha mtaalamu.

La tatu ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Bana kiwiko ubavuni, kikunje kama pembe ya meza, kisha zungusha mkono kuelekea nje, kama unayefungua mlango wa geti. Halafu mwambie mtu mwingine auzungushe polepole huku wewe umelegea kabisa. Mkono ukikataa kwa wote wawili, kiungo kimeganda, na mwenye kisukari yuko hatarini zaidi kwa hilo. Ukikataa kwako lakini ukaenda vizuri kwa mwenzako, shida iko kwenye kano au kwenye neva inayoendesha msuli.

La nne, ukuta. Vua shati, simama hatua moja kutoka ukutani, sukuma ukuta kwa viganja vyote viwili huku mtu akikuangalia mgongo au akikupiga picha. Kombe la bega likichomoza kama ubawa upande mmoja, msuli wake haupati amri kutoka kwa neva. Picha hiyo ibebe, daktari ataitaka.

Hatua ya 4: Ukurasa mmoja wa historia

Kabla ya kwenda, andika mambo haya kwenye ukurasa mmoja. Yaliyosahaulika hapa ndiyo mara nyingi yanabeba jibu.

Yalianzaje? Maumivu makali yaliyozuka ghafla usiku, bila kuumia, yakadumu siku au wiki kadhaa, kisha yakapoa huku bega likilegea na misuli ikikonda, yana jina lake: kuvimba kwa mtandao wa neva za bega, ugonjwa wa Parsonage-Turner. Mara nyingine hufuata maambukizi, upasuaji au chanjo. Huchanganywa sana na bega lililoganda, na mgonjwa huvutwavutwa mkono bila faida. Wengi hupata nguvu tena, ila kwa miezi, wakati mwingine miaka.

Umewahi kuteguka bega? Kiungo kikichomoka, neva inayozunguka shingo ya mfupa wa mkono hunyooshwa, na hapo panabaki kipande cha ngozi chenye ganzi upande wa nje wa bega.

Umewahi kutolewa tezi shingoni kwa ajili ya kipimo cha TB au saratani? Neva inayoinua bega hupita juujuu mahali hapo. Bega likianza kuning'inia na kuuma baada ya upasuaji mdogo wa namna hiyo, sema wazi. Hilo halionekani kwenye MRI ya shingo ya kawaida kirahisi, lakini daktari akijua kovu liko wapi, analitafuta.

Una selimundu, wewe au ndugu zako? Nyanza na Magharibi ugonjwa huu ni wa kawaida, na hukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa bega hadi mfupa ukafa. Bega la kijana mwenye selimundu linalouma ndani kabisa, kila siku, linahitaji picha ya mfupa kabla ya mtu kuzungumzia neva.

Kazi yako. Mkata miwa wa Muhoroni au Mumias, mvuta nyavu wa Dunga, mchuma majani chai wa Kericho, fundi wa rangi anayeangalia dari siku nzima, mama anayebeba mtungi kichwani: kila mmoja ana mkao wake na sehemu yake inayochoka. Andika ni mkono upi unaofanya kazi na kwa saa ngapi.

Dawa zote. Zote, hata poda ya kunywa ya "kutoa baridi kwenye mifupa". Baadhi ya poda hizo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali ya kupoza uvimbe. Ndiyo maana humpa mtu nafuu ya siku tatu, kisha hupandisha sukari na kumficha daktari dalili. Ukitumia ARV, andika jina la kila kidonge. Karbamazepini, dawa ya kifafa na ya neva, hupunguza nguvu ya dolutegravir mwilini, na sindano ya steroidi iitwayo triamcinolone begani kwa mtu anayetumia dawa yenye ritonavir inaweza kuvuruga homoni za mwili vibaya. Metformin, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi hushusha vitamini B12, na upungufu huo huumiza neva.

Hatua ya 5: Chumba cha daktari

Anzia hospitali ya kaunti ndogo, Level 4, au kituo cha afya chenye afisa wa kliniki makini. Huhitaji kuanza na bingwa. Unahitaji mtu atakayekugusa. Kwa upande wa malipo, SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Zahanati na vituo vya afya hutaka uwe umesajiliwa tu, lakini hospitali kubwa hutaka mchango uwe umelipwa: asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisha haujakatika kabla ya siku ya kliniki, na uliza dirishani kama MRI inahitaji idhini kabla ya kufanywa. Idhini ikikosekana asubuhi hiyo, utarudi nyumbani.

Ukiingia, sema jambo moja mapema, kwa heshima: "Daktari, naomba uniangalie shingo na bega zote mbili, pamoja na nguvu za mkono. Ganzi inaingia kidole cha kati." Sentensi hiyo ni bora kuliko maelezo ya robo saa.

Kisha vua shati. Uchunguzi wa bega juu ya nguo haufai. Kwa nyuma, daktari anatafuta mabonde juu na chini ya mfupa unaokatiza kombe la bega. Bonde la upande mmoja linamaanisha misuli imekonda: ama kano imekatika zamani, ama neva inayopita pale, ile ya juu ya kombe, imebanwa. Neva hiyo huleta maumivu ya ndani, nyuma ya bega, na udhaifu wa kuzungusha mkono nje, bila ganzi yoyote kwenye ngozi. Kwa sababu hakuna ganzi, wengi huikosa.

Uchunguzi kamili una mambo haya, na hauchukui zaidi ya dakika kumi na tano:

Kwanza mkono unainuliwa na wewe mwenyewe, kisha na daktari. Maumivu yanayokuja katikati tu ya safari, kati ya nyuzi 60 na 120, huelekeza kwenye kano.

Kisha shingo. Kichwa kinainamishwa upande unaouma na kukandamizwa taratibu. Maumivu yakishuka hadi mkononi, mzizi umebanwa. Yakibaki shingoni tu, kipimo hakijathibitisha kitu. Halafu kichwa kinavutwa juu kidogo. Nafuu inatia nguvu jibu lilelile. Shingo isiyogeuka hata nyuzi 60 upande unaouma ni alama nyingine.

Nguvu, msuli mmoja mmoja, kulia na kushoto zikilinganishwa. Ngozi, kwa pamba na kijiti chenye ncha. Nyundo ya mpira: kwenye kikunjo cha kiwiko ni C5 na C6, nyuma ya kiwiko ni C7. Mkono usioruka pale mwenzake anaporuka ni ushahidi ambao mgonjwa hawezi kuuigiza. Nyundo ipigwe magotini pia: miguu ikiruka kupita kiasi, mshipa mkuu unabanwa, na hapo mambo yanarudi hatua ya 1.

Mwisho kifundo cha mkono na kiwiko. Neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono huweza kupeleka maumivu juu hadi begani. Mwenye nayo huamka usiku akikung'uta mkono, na ganzi iko kidole gumba, shahada na cha kati. Na inawezekana mtu ana vyote viwili, shingo na kifundo. Ukipata jibu moja lisiloeleza dalili zote, lisikutosheleze.

Kabla ya kuondoka uliza swali hili: "Unashuku neva gani, na imebanwa wapi?" Jibu liwe na mahali. "Ni mishipa tu" si jibu. "Nadhani ni mzizi wa C7 kulia" ni jibu, hata kama baadaye litageuka, kwa sababu linaweza kupimwa.

Hatua ya 6: Vipimo, kwa mpangilio

Damu kwanza, kwa kuwa ni rahisi: sukari ya HbA1c, inayoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi, ESR na CRP kwa uvimbe na maambukizi, hemogramu, HIV kama hujui hali yako, B12 kama umetumia metformin muda mrefu. Tezi ya thiroidi ikishukiwa, nayo ipimwe.

Eksirei haionyeshi neva wala diski, kile kitakio laini kati ya pingili na pingili. Hiyo si sababu ya kuiruka. Ya bega huonyesha mfupa uliokufa, kiungo kilichochakaa na kano zilizoganda chokaa. Ya shingo huonyesha pingili zilizoliwa au ubavu wa ziada. Na ya kifua, ambayo watu husahau kabisa, huonyesha ncha ya pafu.

Ultrasaundi ya bega huona kano vizuri, kwa bei ndogo kuliko MRI, ila inategemea sana mikono ya anayeshika kifaa.

MRI sasa. Hapa ndipo fomu ya maombi ni muhimu kuliko mashine. Kuna MRI tatu tofauti ambazo watu huziita kwa jina moja: ya shingo, ya bega, na ya mtandao wa neva kati yao. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya bega" itakupa bega. Fomu nzuri husema: "Shingo. Maumivu ya mkono wa kulia miezi 3, ganzi kidole cha kati, nguvu ya kunyoosha kiwiko imepungua. Angalia C7 kulia." Msomaji wa picha akijua anatafuta nini, anaangalia tundu lile hasa ambalo neva hupitia. Ujue pia kwamba shingoni mzizi hutoka juu ya pingili ya namba yake, kwa hiyo C7 hubanwa na diski iliyo kati ya pingili ya 6 na ya 7. Ripoti ikisema diski hiyo na kidole chako ni cha kati, vitu vimelingana.

Na visipolingana? Mkono huaminika kabla ya picha. Watu wazima wengi wasiouma popote wana diski zilizochomoza kidogo shingoni. Ripoti yenye "diski nne zimechomoza" humtisha mgonjwa na mara nyingine humpeleka kwenye upasuaji wa kitu kisichomuumiza. Diski ya kushoto haiwezi kueleza mkono wa kulia.

Kabla ya kuingia mashinani, taja kila chuma mwilini: kifaa cha moyo, vyuma vya ajali ya zamani, vipande vya chuma machoni kwa fundi wa kuchomelea. Picha ya shingo huchukua dakika 20 hadi 40 ukiwa umelala bila kusogea. Ukiogopa mahali pa kubana, sema siku ya kuweka miadi, si ukiwa ndani. Omba CD pamoja na ripoti ya karatasi. Bingwa atataka kuona picha yenyewe.

Kipimo cha umeme wa neva na misuli, EMG na NCS, ndicho kinachotenganisha mzizi wa shingo na neva iliyobanwa chini zaidi. Kina masharti ambayo wengi hawaambiwi. Kikifanywa kabla ya wiki tatu tangu nguvu zilipopungua, kinaweza kutoka safi ilhali neva imeumia, kwa sababu msuli huchukua wiki mbili hadi tatu kuonyesha alama za kukosa neva. Usipake mafuta mkononi siku hiyo. Mkono uwe na joto. Baridi hupunguza mwendo wa umeme na kuleta ugonjwa usiokuwepo, na asubuhi za Molo na Nakuru si za kuchezea. Taja warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kifaa cha moyo. Sindano nyembamba huingizwa misulini, inauma kiasi. Tena, mzizi ulioathirika upande wa hisia tu, bila udhaifu, unaweza kutoa EMG ya kawaida. Kipimo safi hakifuti dalili ulizo nazo.

Mashine za MRI zipo Kisumu, Nakuru na Eldoret. EMG ni adimu zaidi. Piga simu uulize siku, bei na kama aliyefunzwa kuifanya yupo wiki hiyo, ndipo upande matatu.

Hatua ya 7: Tumia tiba kama kipimo

Mzizi uliobanwa shingoni, bila udhaifu mkubwa, mara nyingi hupoa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji. Hivyo wiki sita za fiziotherapia si kupoteza muda, mradi zipimwe. Mtaalamu aandike nyuzi za shingo na nguvu za mkono siku ya kwanza, na azipime tena wiki ya tatu. Ganzi ikisogea kutoka vidoleni kurudi juu, hata kama shingo inauma zaidi, ni dalili nzuri. Ikishuka chini zaidi, zoezi hilo lisimame. Mkandaji wa kijijini anayevunja shingo kwa kuipindua ghafla asiguse shingo ambayo haijapimwa.

Maumivu ya neva hayajali sana parasetamoli. Dawa zinazoandikwa kwa kawaida ni amitriptilini, kuanzia miligramu 10 hadi 25 usiku, au gabapentini. Zinahitaji wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa, na wengi huziacha siku ya nne kwa kuwa hawajaona kitu. Huleta usingizi: mwendesha boda asianze dozi siku ya kazi. Mwenye shida ya moyo, presha ya macho au tezi dume amwambie daktari kabla ya amitriptilini, na mwenye figo dhaifu kabla ya gabapentini. Usikate gabapentini ghafla. Sindano za diclofenac za kila wiki ziache. Huchoma tumbo na kuumiza figo, na hazikuambii lolote kuhusu chanzo.

Kama bado bega na shingo vinashindania lawama, kuna kipimo kimoja kizuri ambacho hakihitaji mashine kubwa. Daktari wa mifupa huingiza dawa ya ganzi kwenye nafasi iliyo juu ya kano za bega, husubiri dakika kumi hivi, kisha hurudia majaribio yale yaliyokuumiza. Maumivu yakitoweka karibu yote, bega ndilo. Yakibaki yalivyokuwa, tazama shingo. Andika matokeo ya saa hiyo hiyo. Kama dawa hiyo ya ganzi ilichanganywa na steroidi, siku ya tatu steroidi itakuwa imeanza kazi na kuvuruga jibu.

Hatua ya 8: Rufaa, na maoni ya pili

Omba barua ya rufaa kama nguvu zimepungua, kama wiki sita hadi nane za tiba nzuri hazijasaidia, au kama picha na mkono havisemi kitu kimoja. Upande wa Kisumu rufaa nyingi huenda Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Upande wa Nakuru, hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH. Kakamega ina yake, na Eldoret kuna Moi Teaching and Referral. Uliza siku ya kliniki ya mifupa na siku ya kliniki ya neva, kwa kuwa ni tofauti. Udhaifu au kukonda kwa misuli bila shida ya kiungo kunaelekea kwa daktari wa neva. Diski inayobana na nguvu zinazopungua, kwa mpasuaji wa uti au ubongo. Kiungo na kano, kwa mifupa.

Beba daftari, ukurasa wa historia, picha ya kombe la bega, CD, filamu za eksirei zisizokunjwa, majibu ya damu na orodha ya dawa pamoja na muda uliotumia kila moja. Bila rekodi ya dozi na wiki, dawa uliyoitumia vizuri itaandikwa tena kana kwamba ni mpya.

Ukiambiwa upasuaji, uliza mambo matatu: ni neva ipi, ni alama gani mkononi mwangu zinazothibitisha, na nini kitatokea nikisubiri wiki sita zaidi. Majibu yakilingana na ramani uliyochora, una msingi wa kuamua. Yasipolingana, chukua CD yako umwone mwingine; picha ni zako, na hakuna anayepaswa kukukasirikia. EMG ya kwanza ikiwa ilifanywa mapema mno, irudiwe baadaye kwa misuli ileile, ili ijulikane kama neva inarudi au inazidi kufa.